Barua ya wazi kwa wakubwa: kabla hamjasema Kusini tumechochewa

Wakubwa shikamooni.

Nawaamkia wote kwa pamoja, wa wizarani, wa bodi ya korosho, wa halmashauri, waheshimiwa wabunge, na nyie wa chama ambao siku hizi mtu wa kijijini hajui chama kinaishia wapi serikali inaanzia wapi. Naandika kwenye simu nipo Mbagala Rangi Tatu, nimekaa benchi la mama muuza chai nasubiri basi la kutoka Newala. Mama yangu kanitumia mzigo, kiroba cha makopa, na konda nikimpigia anasema wapo Kibiti, baada ya nusu saa nampigia tena bado wapo Kibiti. Kwahiyo muda ninao.

Kilichonichokoza ni jamaa mmoja hapahapa kwenye chai. Kasikia lafudhi yangu akaniambia nyie watu wa Kusini, wa Mtwara na Lindi huko, hamridhiki nyie, korosho imepanda, salfa ya kupulizia mikorosho mnagawiwa bure, lami inajengwa, bado kila uchaguzi mnanuna, sasa mnataka nini? Watu wakacheka, na mimi nikacheka, chai ikaendelea. Ila nimekaa nikaona hilo ndo swali lenu nyie, tofauti ni kwamba yeye aliuliza akasubiri jibu.

Mimi ni mtoto wa korosho. Ada yangu ilitoka kwenye korosho, bati za nyumbani korosho, hata nauli iliyonileta Dar mwaka 2004 ilitoka kwenye gunia, mwaka mmoja baada ya daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji. Kabla ya hapo ilikuwa kivuko, na masika yakikolea safari ya Dar ilikuwa unaaga kama unaenda Hija. Kwahiyo msinielewe vibaya, najua kilichofanyika. Daraja nimelipita, lami naiona inavyosogea kutoka Mnivata kwenda Newala na Masasi, bei ya elfu nne na kitu kwa kilo ya mnada wa Oktoba 2024 mama aliipata. Sijaja kukana.

Acha niwaeleze kwanza gunia linavyosafiri, maana nahisi wengi wenu mnakutana nalo likiwa limeshageuka takwimu.

Mama anaokota kuanzia mwezi wa tisa hivi mpaka karibu na mwaka mpya, ameinama, bibo linatupwa huku korosho inadondokea kwenye ndoo. Zinaanikwa siku kadhaa maana zikienda na unyevu zinakataliwa au zinashushwa daraja. Halafu gunia linapakiwa kwenye bodaboda mpaka chama cha msingi, AMCOS, na pale kuna mizani. Mwaka juzi nilikuwepo mwenyewe, nimeshika pembe moja ya gunia, mshale ukasimama 83, karani akaandika 80. Nikamwambia kaka mbona themanini? Akasema uzito wa gunia na unyaufu. Sawa, gunia la katani lina uzito wake, kilo moja hivi, na korosho ikikaa ghalani inanyauka, sikatai, ila nani alikaa na mama wakakubaliana kwamba ni kilo tatu? Karani wala hakuwa mkali, alikuwa kachoka tu, alinijibu kama mtu aliyejibu swali hilohilo mara mia tangu asubuhi, na hapo ndo nikajua foleni nzima imeuliza na foleni nzima imenyamaza.

Kutoka hapo gunia linaenda ghala kuu, mama anabaki na karatasi. Mnada unapigwa. Zamani barua za wanunuzi zilikuwa zinafunguliwa mbele ya wakulima, mnasikia bei, mnakubali au mnakataa kwa kelele, siku hizi unasomwa kwenye skrini na wazee wanakodoa macho. Pesa inapokuja imeshakatwa. Ushuru wa halmashauri asilimia 3, cha chama cha msingi, cha chama kikuu, cha ghala, usafiri, magunia, utafiti, na vingine. Juu yake kuna ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, asilimia 15 au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndo kinachukuliwa, na msiniambie huo analipa mnunuzi, mnunuzi sio mjinga, anautoa kwenye bei ya mama kabla hajafungua mdomo mnadani.

Sasa mimi sisemi mfumo huu wa ghala na mnada, wa stakabadhi ghalani, ni mbaya. Ulianza kwetu msimu wa 2007/08, na waliokuwepo kabla wanakumbuka wachuuzi walivyokuwa wanakuja na mizani yao wenyewe na bei yao wenyewe, wanakunywa maji kwako, wanakuibia, wanaondoka. Bei tunazozipata leo zisingekuja kwa mchuuzi mmoja mmoja. Makato yenyewe huenda yote ni halali. Ninachosema ni kwamba toka nimezaliwa sijawahi kuona mkubwa yeyote amekuja kijijini kwetu, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasoma kato moja moja, akaulizwa, akajibu. Mnakuja kuomba kura, mnakuja na msafara, mnakuja kuzindua. Kusoma hesabu hamji.

Na hiyo ndo kero yetu kubwa, wakubwa, mnaitafuta mbali bure. Mnadhani ni umaskini. Aisee tulikuwa maskini zaidi miaka ya themanini na hakuna aliyechoma kitu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilitoa korosho kama tani 145,000, nyingi kutoka ukanda wetu. Zikaja operesheni za vijiji, watu wakahamishwa, mikorosho ikabaki porini kilomita kadhaa kutoka nyumba mpya, nyasi zikapanda, ugonjwa wa ubwiri unga ukaja ukamalizia, mpaka 1986/87 nchi nzima ikawa inatoa chini ya tani 20,000. Bibi yangu alikuwa anasimulia kwamba siku wanahamishwa kiongozi alisema huko muendako kuna kila kitu. Walipofika kulikuwa na mti na nguzo ya bendera. Miaka hiyohiyo vikajengwa viwanda 12 vya kubangua kwa mikopo, vikaja kusimama, vingi vikageuka maghala ya kuwekea korosho hizohizo ambazo vilitakiwa kuzibangua, na mpaka leo mzigo mkubwa unapanda meli ukiwa ghafi, tunauza na ajira ndani yake.

Mtu akiwa na kumbukumbu hiyo nyumbani kwao haanzi kukusikiliza kwenye sifuri. Anaanzia kwenye deni.

Halafu ikaja 2013. Aprili ile Liwale, wakulima walikuwa wameahidiwa malipo ya pili, yakaja pungufu, nyumba zikachomwa. Mwezi uliofuata Mtwara mjini, siku ya bajeti ya nishati, mambo ya bomba la gesi, watu wakafa na mji ukafungwa. Nawakumbusha kitu kimoja tu kuhusu gesi maana mlikitafsiri vibaya wakati ule na naona bado mnakitafsiri vibaya. Mlisema watu wa Mtwara wabinafsi, wanataka gesi wakae nayo wenyewe, gesi ni ya taifa. Jamani nani alikuwa hajui gesi ni ya taifa? Watu walikuwa wameshaambiwa viwanda vinakuja, mji unakua, viwanja vikapanda bei, vijana wakarudi kutoka Kariakoo, mara ghafla wanasikia bomba la zaidi ya kilomita 500 linapelekwa Dar. Huenda hesabu ya bomba ilikuwa sahihi kabisa, umeme unahitajika Dar kuliko kwetu, wateja wapo Dar, sawa. Ila tuliisikia kwenye redio kama jirani.

Sasa uchaguzi wa wabunge wa 2015 mkashangaa, majimbo yakaenda upinzani. Mtwara Mjini CUF, Tandahimba CUF, Kilwa zote mbili CUF, Liwale CUF, Mchinga CUF, Ndanda Chadema. Kwenye vijiwe vyenu mkasema Kusini imeingiliwa. Kwani imeingiliwa na nani? Wazee wale wale waliopiga kura ya kijani, rangi ya CCM, tangu TANU, waliovaa khanga za chama mpaka zikapauka! Hawakusoma ilani ya mtu. Walikuwa na ujumbe mmoja na hawakuwa na bahasha nyingine ya kuutumia. Na ujumbe ukapotea njiani pia, nisiwasifie wapinzani, maana Liwale kwa mfano mbunge waliyempa 2015, mwaka 2018 akahamia CCM, eti anaunga mkono juhudi za rais, ukafanyika uchaguzi mdogo Oktoba, akarudi bungeni na rangi nyingine. Mzee mmoja wa huko aliniambia nilipeleka barua posta, kesho yake nikamkuta mtu wa posta anakaa nyumba ya niliyemuandikia.

Na 2018 ndo mwaka wenyewe.

Msimu wa nyuma yake, 2017/18, tulivuna zaidi ya tani 310,000 na bei ikagonga elfu nne, mkaanza vichekesho mitandaoni vya mkulima wa korosho ananawa mikono kwa soda, na kweli kuna waliochanganyikiwa, nisibishe, binamu yangu alinunua pikipiki mbili wakati hajui kuendesha hata moja. Juni 2018 sheria ya fedha ikaja, ile asilimia 65 ya ushuru wa nje iliyokuwa inarudi kwenye zao, kwenye salfa na utafiti na miche, ikabebwa yote kwenda mfuko mkuu. Wabunge wetu wa kijani na wa upinzani wakapiga kelele pamoja, jambo ambalo kwa nchi hii ni sawa na kuona paka na panya wanachota maji kisima kimoja, ikapita vilevile. Oktoba minada ikafunguliwa kwa bei za chini ya elfu tatu, wakulima wakagoma, Novemba 12 rais Magufuli akatangaza jeshi litanunua korosho zote kwa shilingi 3,300.

Niwaambie ukweli, siku ile kijijini watu walishangilia. Mama alipiga vigelegele. Malori ya jeshi yalivyopanda kuja uwandani watoto walikuwa wanakimbia pembeni. Mimi mwenyewe nilisema, leo tumeonekana.

Halafu likaja neno uhakiki.

Aliyekuwa na zaidi ya kilo 1,500 ilibidi aonyeshe shamba. Mama alikuwa na magunia 21. Timu ikaja, vijana wa heshima tu, mmoja ana kishikwambi. Akamuuliza, bibi una mikorosho mingapi? Mama hakujua. Mama hajawahi kuhesabu mikorosho yake maana kwetu hatuhesabu hivyo, shamba aliachiwa na mama yake, na miti anaijua mmoja mmoja kama watoto. Akamwambia njoo mwanangu nikuonyeshe, huu ni wa bibi yako mzaa mama, huu ulipandwa mwaka aliozaliwa kaka yako mkubwa, huu unaitwa mvivu unazaa mwaka unaacha mwaka, ule pale ulipigwa radi lakini upande mmoja unazaa. Yule kijana alimfuata kama miti ishirini hivi, jua linawaka, mwisho akasema bibi ninachohitaji ni namba tu. Akaandika namba. Mpaka leo hatujui aliandika ngapi.

Ubaya wenyewe sasa. Mnajua kangomba, mlitangaza vita nayo. Mnavyoisema nyie kangomba ni mlanguzi, mtu mwenye kitambi na fuso. Wapo wa hivyo kweli. Ila kangomba wa kwetu alikuwa jirani, mpaka wetu na wake ni mkorosho mmoja mkubwa ambao matawi yanaangukia huku na huku na hakuna aliyewahi kugombania zinazodondoka. Mwezi wa saba, mwezi mbaya, akiba imeisha na palizi inadai, yeye ndo mwenye elfu hamsini. Anakupa, utamlipa korosho ukivuna, kwa bei ya kutupa. Ni wizi? Ndio. Ila benki ipo kilomita arobaini na haimjui mama, na jirani anajua mama anaumwa mgongo. Mama mwenyewe mwaka ule alishakula kangomba ya magunia mawili.

Basi tangazo lilipotoka kwamba kangomba hawalipwi, wanakamatwa, jirani akabaki na magunia kumi na moja ndani. Akaja usiku. Mimi nilikuwa nimeenda likizo, nilikuwa nimelala chumba cha nje nasikia. Akamwambia mama, dada, niandikie hizi kwa jina lako, ukilipwa utanipa. Mama alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani wameondoka. Akasema kaka, wakinihesabia miti na magunia yakazidi nitafungwa mimi. Jirani akasema sawa. Akaondoka bila kuaga.

Baada ya hapo likabandikwa tangazo ukutani AMCOS, majina, waliolipwa na wasiolipwa. Kuna waliopata Desemba, kuna waliopata 2019 katikati, kuna waliosubiri zaidi ya hapo. Mama alikuwa kwenye kundi la kati. Watu wakaanza kusomana. Huyu kalipwa kwa nini, mbona ana miti michache kuliko mimi, ahaa, shemeji yake yupo kwenye kamati. Huyu hajalipwa, basi ni kangomba. Yule alikuwa CUF 2015, unategemea nini. Sijui kama ilikuwa kweli kwamba kuna aliyecheleweshwa kwa ajili ya kadi, kwa haki ya Mungu sijui, na hakuna aliyekuwa anajua, na ndo shida yenyewe, maana penye ukuta wenye majina bila maelezo kila mtu anaandika maelezo yake.

Jirani na mama hawasalimiani mpaka leo. Jirani alifiwa 2021, mama alienda msibani akakaa nyuma, ubwabwa ulipopita akasema ameshiba. Jirani akahamia chama kingine, watoto wake wote wakamfuata, mama na dada zake wakabaki walipo. Kijijini wana vijiwe viwili vya kahawa sasa, kimoja cha hawa kimoja cha wale, na wauza kahawa ni mtu na kaka yake. Nyie mkikaa huko mkaangalia matokeo ya kituo chetu mnaona chama fulani kura kadhaa, chama fulani kura kadhaa, mnasema kijiji kimegawanyika kiitikadi. Mimi nikiangalia matokeo hayo naona magunia kumi na moja.

Msidhani ni sisi tu. Novemba hiyohiyo ya 2018, siku tano baada ya tangazo la jeshi, Wafaransa wa miji midogo na vijijini walivaa vizibao vya njano wakakaa kwenye kipilefti, chanzo kodi ya mafuta ya gari, maana kijijini kwao bila gari huendi kazini na waliopanga kodi wanapanda treni. Na Wahindi, ambao ni kati ya wateja wetu wakubwa wa korosho, wakulima wao mwishoni mwa 2020 walienda kuweka kambi mipakani mwa Delhi na matrekta yao mwaka mzima, sababu sheria tatu za soko la mazao zilizopitishwa bila wao kukalishwa chini. Huko nako waliambiwa wamechochewa. Novemba 2021 serikali yao ikatangaza kuzifuta. Sisemi tuige matrekta, trekta lenyewe tunakodi. Nasema tu mkulima akikasirika popote duniani neno la kwanza la mkubwa ni hilohilo, nani kamtuma.

Sasa nije kwenye la kwetu la ndani kabisa ambalo najua halitawafurahisha. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndo mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa mbele ya watu. Ni sheria nzuri, aliyeitunga aliwahi kuishi kijijini nadhani. Kwetu mkutano wa mwisho uliosomwa hesabu ikaeleweka sikumbuki. Mnajua kwa nini? Mwenyekiti hana sababu. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa, huyu kakosea fomu, yule kakosea jina la kijiji alichozaliwa, vyama vikajitoa, wa kijani wakapita bila kupingwa karibu nchi nzima. 2024 mkaja na asilimia 99. Mwenyekiti aliyepita bila kupingwa anamuogopa nani? Anamuogopa aliyempitisha, yupo wilayani. Kwahiyo taarifa ya mapato inasomwa kuelekea wilayani, mgongo umetupa sisi. Wala sio mtu mbaya huyo mwenyekiti wetu, tumecheza naye chandimu, ila ukimuweka mtu yeyote pale, hata mimi, nitafanya hivyohivyo.

Mkishafunga mlango huo kero haipotei. Inakaa ndani ya nyumba inachacha. Mtu ambaye angemuuliza mwenyekiti mbona kilo tatu, akajibiwa, wakabishana, wakaenda nyumbani, sasa anamuuliza mke wake, anamuuliza jirani, anauliza kwenye grupu la WhatsApp, na huko majibu yapo mengi na yote makali. Oktoba 29 mwaka 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima, nilikaa siku kadhaa siwezi kujua kama mama mzima au hapana. Yale ya siku zile yana misiba yake na mimi sitayaingia hapa nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Ila hamuwezi kusema hamkuona moshi. Ulikuwa unatoka vijijini na mijini miaka yote hiyo, kila mmoja kwa kuni zake.

Mtaniuliza sasa ufanye nini wewe unayelalamika. Sina mambo mengi. Bei sio ombi langu, bei inapangwa Vietnam na India, najua. Nataka mizani iwe na mtu wa pili pembeni aliyechaguliwa na wauzaji wenyewe, akibadilishwa kila msimu. Nataka yale majina ya 2018 yaje yafungwe kwa maelezo, huyu hakulipwa kwa sababu hii, huyu alicheleweshwa kwa sababu hii, hata kama pesa haipo tena, hata kama jibu ni tulikosea. Najua mtasema ni ya zamani, utawala ulishabadilika, aliyeamua ni marehemu. Kwenu ni ya zamani. Kwetu vijiwe bado viwili. Na uchaguzi wa kijiji muuachie kijiji jamani, mwenyekiti wa kijiji hawezi kuipindua nchi, hana hata baiskeli.

Na mkija, msije na msafara. Yaani gari moja tu linatosha, barabara yenyewe ya kutoka lami kuingia kwetu mtaijua mkiiona, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata njia Somanga, Kusini nzima ikawa kisiwa na petroli ikauzwa kwa chupa kama asali, wakati huo ndo mngekuja mngetujua vizuri.

Basi limeingia, subirini.

Nimerudi. Kiroba nimekipata, konda kanidai elfu tano nikampa elfu tatu, yeye wa Kibiti. Juu ya makopa mama kaweka bahasha ya kaki imekunjwa mara nne, nikadhani pesa ya mjukuu. Ni karatasi ya malipo yake ya msimu uliopita, kaipiga alama ya kalamu pembeni, na nyuma kamuandikisha mtoto wa shule, mwandiko wa penseli: mwanangu nisomee hapa wamekata nini, hapa AMCOS nimeuliza wakasema imeandikwa.

Nimesoma. Ushuru upo, ghala lipo, usafiri upo. Alama ya kalamu ipo mstari wa chini kabisa, shilingi 46,200, na kweli imeandikwa. Imeandikwa "mengineyo".

Nimempigia nikamwambia mama imeandikwa mengineyo. Akanyamaza kidogo, akauliza, ndo nini? Nikamwambia nitakuulizia.

Nawauliza.